Fulana Zilizojua Kwao

Asubuhi ya wageni, Anusaya alikuwa akichuja dawa yake ya wadudu kwa kipande cha sari kuukuu: mkojo wa ng'ombe, kitunguu saumu, pilipili, na majani ya mwarobaini yaliyolala ndani ya pipa hadi yakanuka inavyotakiwa. Upande wa pili wa mtaro, jirani yake Digambar alipita na bomba mgongoni, akiipulizia pamba yake dawa ya dukani. Hiyo ilikuwa na harufu tamu kidogo. Mvua ikinyesha, ilishuka na mtaro hadi kwenye kisima cha Anusaya.

"Shemeji, hiyo supu yako itawafukuza wageni kabla ya wadudu!"

"Na yako itanifukuza mimi. Kisima kimeanza kutoa povu."

"Basi umepata sabuni ya bure."

Bwana Paranjpe wa kampuni ya nguo akafika na wanunuzi kutoka Ulaya. Kila mwaka aliwaleta hapa, kwa kuwa katika wilaya nzima hapakuwa na shamba jingine lisilopuliziwa dawa ya dukani la kuonyesha. Lilikuwa dogo, jozi moja ya maksai ilimaliza kulilima kabla chai haijapoa. Kutokana na shamba hilo kampuni ilikuwa imeshona fulana za kuuvika mji wote wa Nagpur, na nyingine zikabaki.

Wageni walionyeshwa nyungunyungu, wakawapiga picha. Walielezwa habari za maji yaliyookolewa, nyuki waliorudi na udongo uliopona. Yote yalikuwa kweli, hadi kwenye mtaro. Kisha fulana mpya zikaanikwa kwenye kamba, kila moja na lebo yake ya kuapa kwamba haikuguswa na dawa ya dukani: Pamba Hai. Kwa neno hilo la pili kampuni haikudanganya.

Fulana ya kwanza ilijichomoa kwenye kibanio, ikashuka, ikajikung'uta, ikavuka mtaro na kwenda kuketi katikati ya shamba la Digambar. Nyingine zikafuata kwa foleni, mikono ikining'inia, kama watoto waliotoka shule. Chache zilipitiliza hadi mashamba ya mbali, ambako nako wakulima walikuwa wakipulizia dawa.

"Hebu tokeni, mtalowa!" Digambar akazifokea, akahamia mstari mwingine, akaendelea na bomba lake.

Kwenye kamba ilibaki moja tu, ya mtoto mchanga, nayo mkono wake wa kushoto ulikuwa umeondoka na wenzake.

Mgeni mmoja aliuliza zinakwenda wapi.

"Zinarudi kwenye asili," akasema Bwana Paranjpe. Wageni wakapiga makofi.

Anusaya akamvuta kando. "Mwanangu, si zimekuonyesha zenyewe zilikotoka? Uliniahidi utamwachisha Digambar ile dawa. Mjukuu wangu Shravani anakunywa maji haya haya."

"Mama, nimeona. Vibanio ndivyo dhaifu. Nitaleta vya chuma."

Akavileta kesho yake, fulana zikakusanywa mashambani na kubanwa. Huko madukani Ulaya fulana hukazana kuelekea mashariki, na wauzaji huwaambia wateja kwamba ndio ubora wa kitambaa.

Ile ya mtoto iliachwa, maana haiuziki. Jioni ilimfuata Anusaya kisimani. Alivuta ndoo, akaona povu, akaimwaga, akavuta ya pili. Fulana ikachovya mkono wake mmoja, ikausogeza pale ambapo pua ingekuwa, kisha ikajikamua hadi tone la mwisho.

"Hata mimi siyataki," Anusaya akaiambia, akajitwika ndoo. Dengu za Shravani zilikuwa jikoni zikisubiri maji.