Harusi Ndani ya Ghala la Barafu

Joto la wiki ile halikuwa na adabu. Kuku walilala chini ya magari wameachama midomo, lami ya barabara ya bandarini ikawa inanata kwenye soli za viatu, na mtu akitoka kuoga jasho lilimwahi kabla ya taulo. Kila asubuhi kisiwa kizima kiliwasha redio kumsikiliza Bi Mawingu.

Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alikuwa mtabiri wa hali ya hewa, na kwa kuwa yeye ndiye aliyesoma taarifa redioni, watu walimbatiza hivyo, naye akazoea hadi akawa anaitika sokoni bila kugeuka mara mbili.

Ijumaa ile alikaa ofisini mbele ya kompyuta, feni ikimpulizia hewa ya moto usoni, akaitazama picha ya setilaiti kwa muda mrefu. Unyevu ulikuwa umejaa angani, upepo umetulia tuli. Akaandika: Jumamosi, joto kali mno, kuanzia alasiri mvua kubwa yenye radi na upepo wa ghafla, uwezekano ni mkubwa sana. Akaisoma tena, kisha akashika kichwa.

"Kesho si ndiyo harusi ya mzee wako?" mwenzake wa meza ya pili akamuuliza.

"Ndiyo hiyo hiyo."

"Inafanyika wapi?"

"Uani kwake. Chini ya turubai. Alasiri."

Mwenzake akapiga mluzi. "Basi kazi unayo."

Kazi haikuwa mvua. Kazi ilikuwa kwamba ukoo mzima ulijua Bi Mawingu hakuifurahia harusi ile. Mama yake alikuwa amefariki miaka kadhaa nyuma, na baba yake, fundi bomba mstaafu, alikuwa amebaki na ukimya wake na redio yake. Kisha siku moja akaitwa kuziba bomba lililopasuka kwenye ghala la Mama Barafu, mjane aliyegandisha barafu ya kuuzia wavuvi, mahoteli na kila mwenye kiu. Alitoka huko akitabasamu peke yake. Tangu siku hiyo bomba lile likawa linapasuka kila wiki. Kwenye kikao cha familia, Bi Mawingu alitamka neno moja tu, "Fanyeni mnavyoona," halafu akaenda jikoni kuosha vyombo vilivyokuwa tayari visafi.

Sasa ndiye aende kuwaambia radi inakuja?

Alipomaliza kuisoma taarifa hiyo redioni, akaenda uani kwa baba yake. Alimkuta kaka yake mdogo juu ya ngazi, anafunga turubai kwenye nguzo za chuma, jasho linamchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Shangazi alikuwa kivulini akitoa amri kwa kutumia upepeo.

"Mdogo wangu, shuka," Bi Mawingu akasema. "Kesho alasiri kuna radi. Hizo nguzo ni chuma tupu. Tutafute pa kuingia ndani."

Shangazi akaacha kujipepea. "Haya, ameanza!"

"Shangazi, sijaanza kitu. Ni hali ya hewa."

"Hali ya hewa au hali ya moyo? Jumatatu ulisema mvua, nikaanua nguo zangu mbichi. Mvua iko wapi? Jumatano ukasema tena. Nimevaa mabuti ya mpira sokoni, watu wakanicheka!"

Kaka yake akajifanya anatafuta nyundo. Baba akatoka ndani, bega moja limebeba koti jipya la harusi ambalo bado lilikuwa na lebo. Alikuwa amesikia yote. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililouma.

"Mwanangu, kama hutaki, sema hutaki. Mimi nitakuelewa. Lakini usimsingizie mvua."

 Bi Mawingu akageuka akaondoka, machozi yakichanganyika na jasho hata yeye mwenyewe asijue lipi ni lipi. Miguu ilimpeleka tu, na alipoinua macho alijikuta mbele ya mlango mzito wa ghala la barafu.

Mama Barafu alikuwa ndani, kajifunga kitambaa kichwani na kuvaa sweta, anaburuta bonge la barafu kwa ndoano. Siku moja kabla ya harusi yake, na bado yuko kazini. Alipomwona mgeni wake hakushtuka. Alivuta kreti, akamwekea akae.

"Umekuja kunieleza habari za kesho," akasema.

"Umezisikia?"

"Mimi nakusikiliza kila siku kabla sijawasha mashine. Wewe ukisema joto, nagandisha mara mbili. Ukisema mvua, napunguza."

"Mbona Jumatatu nilikosea? Na Jumatano."

"Hukukosea. Jumatatu na Jumatano ulisema huenda. Watu wanasikia mvua, huenda wanaiacha redioni. Leo hukusema huenda." Mama Barafu akaweka ndoano chini. "Sasa niambie mimi, bila redio. Ungekuwa wewe ndiye bibi harusi, ungekaa chini ya lile turubai?"

"Nisingekaa. Wala nisingemruhusu mtu yeyote akae."

"Basi imekwisha. Tutafunga ndoa hapa."

Bi Mawingu akatazama huku na huku: kuta nene za zege, mabonge ya barafu yamepangwa hadi karibu na dari, moshi mweupe wa baridi unatambaa sakafuni. "Hapa?"

"Kuna mahali pazuri zaidi kwa joto hili? Wageni watanishukuru mpaka kaburini."

Wakacheka wote wawili. Kisha Bi Mawingu akaona akinyamaza tena hapo, hatasema kamwe.

"Mimi sikukutaka," akasema. "Si kwa ubaya wako. Nilimwona baba anacheka, nikaona kama anamsahau mama."

"Nilijua, mwanangu. Nauza barafu miaka yote hii, nisiitambue baridi?" Akamshika mkono, kiganja chake kilikuwa baridi kama samaki. "Mama yako anatajwa na baba yako kila akija hapa. Namjua mpaka alivyokuwa akimkemea kwa kuacha spana mezani. Na mimi namkemea hivyo hivyo."

Jioni ile Mama Barafu alimpigia simu bwana harusi mwenyewe. Yaliyosemwa hayakujulikana, ila fundi bomba alisikika akijibu "Sawa" mara nyingi mfululizo, na Shangazi akaapa kwamba ataenda kwenye harusi hiyo ya friza kwa ajili ya kushuhudia aibu tu.

Jumamosi jua lilichoma kana kwamba linalipiza kisasi. Wageni walifika wameloa jasho, kola zimenyong'onyea, poda imechora mito mashavuni. Wakaingia ghalani, mlango ukafungwa nyuma yao, na zikasikika "Aaah!" za raha kutoka kila kona. Raha hiyo ilidumu kidogo. Kabla msajili wa ndoa hajafungua mkoba wake, wanaume walikuwa wanasugua viganja, na mabinti waliovaa nguo za mabega wazi wanapigania sweta za wafanyakazi. Shangazi alivuta kitambaa cha meza ya keki akajitanda.

Kila baada ya muda mfupi alichungulia nje na kurudi na taarifa.

"Jua linawaka. Wingu hata la dawa hakuna."

Saa tisa ikapita. Bi Mawingu alisimama karibu na ukuta, ametega sikio kwenye paa. Msajili akauliza maswali yake. Mama Barafu akaitika kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Fundi bomba akaitika huku meno yakigongana, watu wakaangua kicheko. Shangazi akachungulia tena.

Safari hii alikawia. Aliporudi sauti ilikuwa imepungua. "Kuna kitu cheusi kule juu ya mlima."

Hakumaliza. Upepo uliupiga mlango ule mzito hadi bawaba zikalia, radi ikapasua anga, taa zikazimika, na mvua ikashuka juu ya paa kwa kishindo kilichomeza kelele zote. Mtu akawasha tochi ya simu, mwingine naye akawasha, mpaka mabonge ya barafu yakang'aa buluu pande zote kana kwamba yamewashwa kwa ndani.

"Mungu wangu, tazameni!" mdogo wake Bi Mawingu akapiga kelele kwenye kidirisha cha mlango.

Turubai la harusi lilikuwa linapita barabarani. Lilikuwa limetoka uani kwa mzee, limeruka ukuta, na sasa linaelekea baharini likipiga mbawa kama ndege aliyelewa, kamba na nguzo moja vikiburutwa nyuma yake. Halikumgusa mtu, maana kila aliyekuwa na akili alikuwa ndani. Watu walilisindikiza kwa macho. Shangazi ndiye aliyesema wa kwanza.

"Tangu mwanzo nilisema hapa ndipo pazuri," akatangaza, na kitambaa chake cha meza begani.

Kicheko kilichofuata kilishindana na radi. Katikati yake fundi bomba alipenya kwa watu mpaka akamfikia binti yake. Akamvalisha koti lake la harusi, maana alimwona anatetemeka.

"Nilikukosea jana," akasema. "Nisamehe, mama."

"Yameisha, baba. Na hilo koti bado lina lebo."

Walikaa ndani mpaka radi ikasogea mbali, na Bi Mawingu akakataa kufungua mlango hata pale vijana walipombembeleza. Akataka kwanza upite muda wa kutosha tangu ngurumo ya mwisho. Aliporuhusu, walitoka kwenye manyunyu ya uvuguvugu na hewa iliyolainika. Mifereji ilikuwa inapiga kelele, harufu ya udongo imejaa mtaa mzima. Mtu akafungua milango ya gari na kuweka muziki. Mama Barafu akavua viatu, akamvuta mumewe kwenye dimbwi la maji, na wakaanza kucheza, yeye vizuri, mumewe kama mtu anayekanyaga bomba linalovuja.

"Bi Mawingu!" bibi harusi akaita. "Unasubiri upepo ukusukume?"

Bi Mawingu akaingia dimbwini na koti kubwa la baba yake, Shangazi akamfuata, na maji yakawarukia wote hadi magotini.