Fundi Appolinaire na Gundi ya Viatu

Kofia ya kauri iliyofunika jino la mbele la Appolinaire iling'oka siku ya Alhamisi, akitafuna muhindi wa kuchoma. Yeye ni fundi viatu katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, na hakuona haja ya daktari. Soli za kambi nzima alizibandika yeye. Kijino kimoja kingemshinda? Akapaka gundi yake, akabandika, akaridhika.

"Baba Grâce," mkewe Pascaline akamwambia, "usisahau kupigilia na misumari mu kinywa."

Jumapili wakaja wakwe watarajiwa wa binti yao, wakiongozwa na mzee Damascène. Appolinaire akasimama kuwakaribisha, akapiga kwanza funda la chai ya moto kulainisha koo. Gundi ikalegea. Kabla hajamaliza kusema "karibuni," kofia ikatumbukia kikombeni. Wageni wakajikaza kwa adabu, mpaka Damascène mwenyewe akaangua kicheko. Appolinaire alicheka nao, mkono mdomoni, huku akitamani ardhi immeze.

Jumatatu alikuwa mjini Mbarara, kwa daktari wa meno aitwaye Sonia, ambaye aliigeuzageuza kofia ile mkononi.

"Mzee, hii gundi ni ya nini?"

"Ya viatu, dokta. Iko na nguvu mingi."

"Na kiatu unabandika tu hivyo hivyo?"

"Hapana!" Ufundi wake ulikuwa umeguswa. "Unakwangua kwanza, unapangusa vumbi, unangoja ikauke."

"Sasa jino lilikukosea nini?"



Sonia akamweleza kwamba kuna kauri zinazokwaruzwa kwa asidi, lakini hii yake ni ngumu mno, asidi haiiwezi. Hupulizwa mchanga laini, ikapakwa dawa ya kuishikanisha, ndipo ikawekwa gundi ya resini. Saruji ya kawaida ya meno, aliyowekewa mara ya kwanza, haikuwa na pa kushika, maana kisiki cha jino kilikuwa kifupi. Na mate yasiguse hata kidogo.

Akamjaza pamba mdomoni kuzuia mate, akaanza kuibandika kofia upya, kisha akamtania kwa raha zake, akijua hatajibiwa.

"Ukimaliza hapa nitakuletea viatu vyangu, mzee. Au hivyo utavishika kwa saruji?"

"Mmh," akasema Appolinaire.

Jioni alifika nyumbani kimya, midomo ameibana, akiogopa hata upepo. Pascaline akamzunguka, akimchungulia.

"Dokta amekubandika na mudomo?"

Alijaribu kununa. Akashindwa, akacheka kwa sauti, na mkewe akayahesabu meno yote, moja moja, kwa kidole.