Masizi Shavuni kwa Hakorimana

Kutoka Masisi hadi Walikale hakuna mwanamke anayetambua ugonjwa upesi kama mimi. Nikikuona ulivyokaa tu, nakwambia kinachokuuma. Kuku wangu watatu walikufa mbele ya macho yangu, nikidhani wamesinzia.

Nilipofika kwa mdogo wangu Hakorimana, nikitokea Ntoto, nilikuta uvimbe mgumu wa miaka miwili chini ya sikio lake la kulia, umepakwa masizi ya chungu, kama tulivyopakwa utotoni tukiugua machubwichubwi.

“Iko machubwichubwi tu, yaya,” aliniambia mimi dada yake, kofia ameivuta hadi kwenye nyusi.

“Ya miaka miwili? Basi ijenge nyumba kabisa, tuitafutie mke!”

Hakucheka. “Maharage yameiva. Nikilazwa, shamba litapata mwenyewe mwingine. Unajua watu wa huku wenye bunduki.”

Nilijua. Hata hivyo nilimpandisha pikipiki, nikakaa nyuma yake nimemshika shati, asije akaruka njiani, mpaka hospitali ya Mweso.

Daktari Bénédicte aliyafuta masizi kwa pamba, akaubonyeza uvimbe. Haukusogea.

“Papa, hii si machubwichubwi. Naogopa ni saratani ya tezi ya mate. Ni wachache sana wanaoipata.”

“Ameitoa wapi?” niliuliza. “Kwenye tumbako yake?”

“Mara nyingi hatujui inakotoka, Mama.”

Nilikuwa na mzaha tayari ulimini. Nikaumeza, ukashuka kama mwiba wa samaki.

“Atapona?”

“Mshipa unaochezesha uso unapita katikati ya tezi hiyo. Ukiwa bado mzima, tumaini ni kubwa. Ukiwa umeshaguswa, hali ni ngumu zaidi, na lazima aende Goma kwa wapasuaji leo hii.” Akainama karibu naye. “Papa, upande huu wa uso haujalegea?”

Hakorimana aliivuta kofia chini zaidi.

“Hapana, Mama Daktari,” alisema Hakorimana, kwa sauti ya mtu anayeapa kanisani. “Uso wangu iko muzima kabisa. Nivune kwanza, njo nirudi.”

Daktari aliiondoa kofia taratibu.

“Vizuri, Papa. Fumba macho yote mawili.”

Akayafumba kwa nguvu zake zote, hata shingo ikatetemeka. La kushoto lilifumba. La kulia lilibaki wazi, linanitazama.