Shikamoo ya Nestory

Mimi si mtu wa kunyamaza, mtaa mzima wa Bagara unajua. Kwa hiyo baba mdogo Teodori aliposema Jumamosi atamfunga mdogo wangu Nestory kamba ampeleke kwa mganga kule Bonga, niliacha cherehani nikasimama.

"Kosa lake nini?"

"Hasalimii! Kijana wa miaka ishirini na mbili ananipita kama nguzo ya umeme. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Na huyu ana mapepo."

Kwetu mtoto asiyetoa shikamoo ameaibisha ukoo mzima. Mwaka mzima Nestory alisemwa kwa hilo. Hata mimi, Mungu anisamehe, siku moja nilimnyima chakula ili ajifunze adabu.

Lakini mimi ndiye ninayemfulia na kumpikia, nilishaona mengine. Kaacha kuoga. Redio kaifunika blanketi, eti inamtaja jina. Ugali hali mpaka mimi nionje kwanza. Anaanza habari ya mahindi, anaishia kwa polisi wanaomfuata. Kiburi gani hicho cha mtu anayeogopa redio?

Ijumaa asubuhi nikampakia kwenye bajaji hadi hospitali. Daktari Mwanaharusi hakuuliza habari za adabu.

"Nestory, ukitaka kumsalimia mtu inakuwaje?"

Mdogo wangu akajibu akiangalia sakafu. "Nikisema shikamoo, wanaitikia wengi. Wengine wananitukana. Sijui yupi ni baba mdogo. Bora ninyamaze."

Yesu wangu! Nililia pale pale, bila aibu.

Daktari akanieleza kwamba ugonjwa huo unaitwa skizofrenia. Hautokani na mapepo wala malezi mabaya. Sauti zile kwake ni za kweli, ingawa sisi hatuzisikii. Ule woga, kujitenga na maneno kurukaruka ni dalili zake. Dawa zipo, anywe kila siku, na asiache hata akipata nafuu.

Jumamosi baba mdogo akaja na kamba. Nilimkuta mlangoni kabla hajabisha hodi.

"Shikamoo baba mdogo. Nakuheshimu, lakini kamba hiyo kafungie ng'ombe. Nestory hatoki hapa."

"Unanizuia mimi, Irine?"

"Nakuzuia." Nikamweleza alichosema Nestory, neno kwa neno. Akakaa kwenye benchi, kamba mapajani. Kisha akaondoka bila kuaga.

Vidonge nilivisimamia mwenyewe kila siku. Wiki ya nane, Nestory alikuwa anafua shati lake uani. Sauti hazijaisha zote, anasema, ila zimepungua. Baba mdogo akaingia. Nestory akafuta mikono, akainuka.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu."

Nestory akatega sikio.

"Umeitikia mara moja?"

Baba mdogo akavua kofia, machozi yanamtoka.

"Mara moja tu, mwanangu. Ni mimi peke yangu."