Kumi na Tisa Walioondolewa

Mwanafunzi wa uzamivu wa uchumi alikuwa amefikia makala ya thelathini na moja ya mapitio yake ya maandiko, utafiti kuhusu kiwanda cha nyuzi, ukurasa wa nane, tanbihi ya mwisho: "Wafanyakazi kumi na tisa waliondolewa kwa kuwa taarifa zao hazikukamilika." Alipoipigia mstari kwa penseli, mlango wa maktaba ulifunguka, wakaingia wanawake kumi na tisa, nyuzi za pamba zimewaganda kwenye nyusi.

Mkutubi aliwasogezea daftari la wageni. Wakatia sahihi mmoja mmoja, wakaketi.

Wa saba alikuwa mama yake mdogo, aliyemlea tangu akinyonya, akafanya kazi kwenye kiwanda kile miaka kumi na minne, akazikwa mwezi mmoja kabla utafiti ule haujakamilika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umekonda hivyo? Ndiyo makaratasi haya unayokula?"

Mwanafunzi alimwonyesha hitimisho: mishahara ilipanda, afya za wafanyakazi hazikudhurika. Mama mdogo alisoma polepole, kidole kikifuata mstari.

"Ni kweli," akasema. "Waliobaki walikuwa wazima kabisa."

Wiki ile mwanafunzi aliandika bila kupumzika. Makala nyingine tisa zilikuwa zimeinukuu ile, na hakuna hata moja iliyouliza hao kumi na tisa walikwenda wapi. Akawaandika wote, kwa majina, kwenye sehemu ya pengo la utafiti.

Msimamizi wake, ambaye ndiye aliyeiandika makala ile, alisoma akiwa amesimama, akipangusa pamba iliyokuwa ikidondoka kutoka kwenye kurasa.

"Hawa nawafahamu," alisema. "Mwaka mzima walikuwa wakija kukaa ofisini kwangu. Ukishawazoea hawasumbui. Lakini jopo la watahini linataka pengo, binti yangu. Hili ulilochimba ni kaburi. Liondoe, upite."

Siku tatu mkono ulimwia mzito. Siku ya nne akaifuta ile aya. Jopo lilimaliza kazi kwa dakika ishirini, likampongeza kwa mapitio ya kina.

Aliporudi maktaba aliwakuta wote. Mkutubi alikuwa ameongeza viti.

"Wamepitisha?" mama mdogo akauliza.

"Wamepitisha, mama."

"Na sisi?"

Mwanafunzi alianza kukusanya makaratasi yake mezani.

"Haya, hongera, mwanangu," mama mdogo akasema, akaanza kukohoa. Alikohoa sana, hata mkutubi akagonga meza kuomba utulivu.