Kama Ndege ya Pili Isingegeuka

Kazi ya Fundi ilikuwa kutunga vita ambavyo havikupiganwa. Watu walinunua mchezo wa kompyuta, wakajifungia chumbani na kujifanya marubani wa vita vile vya zamani, naye ndiye aliyewatungia safari: ingekuwaje kama mvua isingenyesha siku ile, ingekuwaje kama jeshi lingechelewa. Sheria ya ofisi ilikuwa kubadilisha jambo moja tu. Upepo, mawingu, uzito wa mabomu, vyote vibaki vilivyokuwa. Ukibadilisha mawili, mkuu wao alikuwa akisema, hiyo si historia tena, ni ndoto ya mwenye homa.

Safari hii Fundi alikuwa na lake rohoni. Baba yake, Mungu amlaze pema, alitunguliwa peke yake juu ya daraja la reli, Fundi akiwa bado tumboni. Ndege ya pili, ya mjomba wake, ilikuwa imegeuka. Tangi lilitobolewa na risasi, mafuta yakamwagika, ndivyo mjomba alivyosema tangu siku ile, na hakuna aliyemchokonoa, maana ndiye aliyempokea dada yake mjane na kumlea mtoto kama wake wa kumzaa. Sasa Fundi alitaka kuliziba tundu lile. Ndege mbili, tangi zima, mengine yote yaleyale. Alitaka amwone baba yake akirudi, japo kwenye kioo cha kompyuta.

Na wa kuijaribu angekuwa nani kama si mjomba mwenyewe? Mjomba alikuja amevaa koti lake la heshima. Vijana wa ofisini wakamtania kwamba asije akatapika kwenye kiti cha kampuni. Naye akawajibu kwamba yeye alipoanza kurusha ndege, wao walikuwa hawajaingia hata kwenye mawazo ya wazazi wao. Akaketi, akashika usukani, akaweka miguu kwenye vikanyagio.

Kwenye mchezo ndege mbili zililifikia daraja zikiwa chini, ya baba ikirushwa na kompyuta, nusura zichune majani ya miti. Mizinga ikaanza. Moto ukapanda kwa mistari, ukapasua kioo cha mbele, ukang'oa kipande cha bawa. Hapo mikono ya mjomba ikavuta usukani, ndege ikalala ubavu na kugeuka kurudi ilikotoka. Nyuma yake ndege ya shemeji yake ikabaki na mizinga yote. Ilikatwa mkia, ikajipigiza kwenye nguzo ya daraja, ikawaka na mtu wake ndani.

Geji ya mafuta ilikuwa imejaa.

"Mjomba," Fundi akasema polepole, "tangi ni zima."

Mzee aliitazama mikono yake kana kwamba ameiazima. "Najua ni zima. Na siku ile nilijua."

Fundi alimkwida shingoni, kifungo cha shati kikaruka, kichwa cha mzee kikagonga kiti. Akamuuliza aliwezaje kula meza moja na mama miaka yote hiyo. Mzee hakujitetea. Alipouona mkono umeinuliwa, alisema tu, "Nipige, mwanangu, ni haki yako. Lakini kwanza nirudishe kule."

Fundi akairudisha safari mwanzo. Tundu halikuwahi kuwapo, kwa hiyo hapakuwa na la kuziba; jambo la kubadilisha lilikuwa mtu.

Mjomba alimpita shemeji yake, akatangulia mbele. Mizinga yote ikamgeukia yeye. Naye akawamiminia risasi wapigaji mizinga. Mmoja akakatika kiunoni akalala juu ya magunia ya mchanga, wenzake wakamkanyaga na kuendelea kupiga. Injini ikalipuka. Moto ukaingia chini ya kiti. Machozi yalimtoka mzee, lakini hakugeuka. Ndege ikaivamia mizinga ile ikapasuka vipande, na kioo chake kikawa cheusi.

Kwenye kioo cha pili, kilichoonyesha ndege ya baba, baba alipita katika moshi ule akaachia mabomu. Daraja likapiga magoti mtoni pamoja na treni, watu wakijirusha majini huku wanawaka. Baba akapanda juu, akashika njia ya nyumbani.

Magurudumu yakagusa ardhi.

"Amefika?" mjomba akauliza. Alikuwa ameinamisha kichwa, hawezi kutazama.

"Amefika."

"Basi iache hivyo. Iende kwa watu hivyohivyo."

Fundi alikuwa amepata alichokitaka. Lakini mtu aliyemfundisha kusali na kufunga kamba za viatu angeungua kila siku katika vyumba vya watu asiowajua. Akauliza mama ataambiwa nini.

"Dada yangu nitamwambia mimi," mzee akasema. "Leo hii, kabla sijapata maneno mengine."

Akainuka. Fundi alikuwa hajamsamehe. Lakini ngazi za jengo lile zilikuwa kali kwa mzee, akamshika mkono wakashuka.