Siku ya Goodness, Siku ya Hilda

Mama yake Filemon mlinzi alifariki Alhamisi alfajiri, na kabla vyombo vya chai ya wageni havijaondolewa mezani, Hilda alikuwa ameshatoa hotipoti la bluu, lile lisilotunza tena joto, akaliweka kwenye kona ya jiko karibu na gunia la mchele. Kila mfanyakazi wa hoteli ile ya Rau alijua maana yake. Mwenzenu amefiwa, toa siku.

Kutoa siku ulikuwa utaratibu wa hapo, na Hilda ndiye aliyeuanzisha, mwaka aliofiwa na mume wake. Zamani watu walichanga kwa kutajana hadharani, huyu elfu hamsini, yule elfu mbili, na Winfrida wa kufua mashuka alijificha stoo kwa aibu mpaka gari la mazishi likaondoka bila yeye. Hilda aliliona hilo akiwa katikati ya kilio chake mwenyewe, na hakulisahau. Aliporudi kazini alisema: kuanzia leo kila mtu atatoa mshahara wake wa siku moja, basi. Anayepata kidogo atatoa kidogo, anayepata kikubwa atatoa kikubwa, lakini wote tutakuwa tumetoa siku. Unaweka, unafunika, unaondoka. Hakuna wa kukuuliza.

Goodness hakuambiwa habari ya kufunika. Alikuwa mgeni hapo, mpishi mpya, hajatimiza hata msimu mmoja. Aliambiwa tu atoe siku, akapiga hesabu zake, akaja na noti mkononi.

"Shikamoo mama. Poleni na msiba."

"Marahaba mwanangu. Tumeshapoa."

"Mama, humo kuna chenji ya elfu tano? Siku yangu ni ishirini na tano, na mimi nina thelathini."

Hilda alikuwa anamenya ndizi za kupikia machalari. Kisu kikasimama.

"Umezidisha, mwanangu. Ni siku moja, siyo wiki."

"Ndiyo siku moja, mama. Nimegawa mshahara kwa siku thelathini." Akacheka kidogo. "Au ninyi hapa mnagawa kwa ngapi?"

Daniel dereva alikuwa mlangoni na kikombe chake. "Wewe Goodness tutakuomba na nauli ya kwenda kuzika Kilema," akasema. Kisha akauona uso wa Hilda, akarudi kwenye kikombe chake.

Hilda alitumbukiza mkono, akatoa noti ya elfu tano, akampa. Ndani ya lile hotipoti ilikuwamo noti yake mwenyewe, ya kwanza kuingia: elfu kumi. Ndiyo siku nzima ya mtu aliyepika humo tangu hoteli ikiwa nyumba ya vyumba vitatu na mafiga uani.

Goodness akafunga aproni, akachukua kisu, akaanza kumenya ndizi pembeni yake kama siku zote. Alikuwa binti wa Machame, mwepesi, asiyenung'unika. Supu yake ya maboga wageni waliisifu, na wa kwanza kuisifu alikuwa Hilda. Siku alipofika na begi lake, Hilda ndiye aliyempa kitanda cha pili katika chumba chake nyuma ya jiko, akamwonyesha bomba lipi lina maji ya moto. Usiku walizungumza mpaka mmoja asinzie katikati ya sentensi ya mwenzake.

"Mama, unalia?"

"Vitunguu."

"Hatujakata vitunguu."

"Basi ni Filemon. Namwonea huruma."

Wakamzika mama yake Filemon Jumamosi, Kilema, kwenye kihamba, shamba la ukoo, migomba imeinamia kaburi. Primus, mwenye hoteli, alipewa nafasi ya kusema neno. Naye ni mtoto wa Kilema, wa ng'ambo ya mfereji tu kutoka kwa Hilda, na maneno anayajua. Alisema hoteli yake siyo kampuni, ni familia. Alisema kwake hakuna mfanyakazi, kuna ndugu. Watu waliitikia kwa vichwa. Hilda alisimama nyuma na kina mama, amejifunga kanga kiunoni, akaisikiliza hiyo familia.

Kwa maana alikuwa ameshaisikia. Mwaka wa korona, wageni walipokatika kama maji ya bomba, Primus aliwakusanya uani akawaambia hivyo hivyo: sisi ni familia, tuvumiliane, chukueni nusu mshahara. Wakachukua nusu. Hilda alikuwa anateremka kutoka kwake na mikungu ya ndizi ili walinzi wasilale na njaa, ndizi za kihamba chake, na hakuna aliyeziandika popote. Wazungu waliporudi, nusu ikarudishwa kuwa nzima, nzima ile ile ya zamani, wakati hoteli ilikuwa imeshapanda ghorofa. Mara mbili Hilda aliuliza. Mara ya kwanza mama yake Primus alikuwa amelazwa. Mara ya pili paa jipya lilikuwa linavuja. Mara zote mbili alitoka ofisini akiwa yeye ndiye aliyeomba radhi. Ndivyo wanavyotufanya: unaingia na madai yako, unatoka umebeba shida zao.

Jumatatu aliingia tena.

"Dada Hilda, karibu ukae."

"Nimezoea kusimama. Goodness unamlipa zaidi ya mara mbili yangu."

Primus aliweka simu chini. "Nani amekuambia?"

"Ametoa siku ya msiba."

"Yule mtoto," alisema Primus, akajipangusa uso kwa kiganja.

"Mtoto hana kosa. Ulitaka adanganye kwenye rambirambi?"

"Sikiliza, dada. Yule nimemtoa Arusha. Ana cheti, na kulikuwa na watu wengine wanamtaka. Nisingempa hiyo asingekuja. Ndiyo soko."

"Na mimi?"

"Wewe ni wa nyumbani." Alilisema kwa upole, na upole wenyewe ulikuwa wa kweli. "Wewe nikianza kukulipa kwa bei ya soko, si nitakuwa nimekufanya mgeni?"

Hilda alimtazama kuona kama anatania. Hakuwa anatania. Hapo ndipo kitu kilipomkatika ndani. Mtu angekuwa mwizi, ungemtukana ukapoa. Huyu alikuwa anampenda. Alimpenda kwa miaka yote hiyo, na kumpenda kwake kulikuwa ndiko kumlipa kidogo.

"Basi nifanye mgeni, Primus."

"Usiseme hivyo. Mama akikusikia ataumia."

Hilda alivua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka mezani juu ya karatasi zake, akatoka.

Goodness alimkuta chumbani anafunga begi.

"Mama, ni mimi niliyekuharibia."

"Hapana."

"Nikienda nikamwambia anipunguzie? Tuwe sawa?"

"Usithubutu. Asikupunguzie hata shilingi moja. Wewe ukipunguziwa, nani ataongezewa?" Akafunga zipu. "Usiku usihamie kitanda changu. Dirisha lile linaingiza baridi."

Goodness alikaa kitandani pake, akajifunika uso kwa mto, na Hilda akashindwa kumwendea. Hilo lilimuuma njia nzima.

Daniel ndiye aliyembebea begi mpaka stendi. Walipofika alilishikilia, hakutaka kulitoa.

"Mama, mimi nimezungumza na Winfrida na Filemon. Jumatatu ijayo tunaomba ruhusa, tunakwenda ofisi ya kazi. Wote hatujaongezwa tangu kabla ya korona. Lakini useme wewe."

"Kwa nini mimi?"

"Sisi tukisema atasema tumechochewa, tuna tamaa, tunakunywa. Wewe atasemaje? Wewe ndiye familia." Akatabasamu kwa uchungu. "Bila wewe hatuna mdomo, mama."

"Nitasema," Hilda akamjibu.

Wiki ile alivuna kahawa kihambani kwake, na kila tawi alilolishusha alikuwa anapanga maneno. Aanze na nusu ya korona, au na ndizi? Aanze na Winfrida kule stoo? Alijisikia akisema kwa sauti, peke yake kati ya migomba, akarudia, akarekebisha. Hakuwahi kusema mbele ya ofisi yoyote. Aligundua kwamba ana mengi, na yote yamekaa kwa mpangilio, kama yalikuwa yanasubiri kuitwa. Usiku aliwaza jiko lake na akalia. Asubuhi aliamka na sentensi nyingine.

Jumapili, baada ya misa, gari la Primus likaingia uani.

Alishuka mzee Thadeus, baba yake mdogo Primus, na fimbo yake. Akashuka mama yake Primus, Margareta, na galoni la mbege, pombe ya ndizi. Mwisho akashuka Primus, bila koti, bila simu, ameshika kwa mikono miwili jani la isale lililofungwa fundo.

Hilda aliliona jani lile akajua kwamba amekwisha.

Isale huoteshwa mpakani mwa vihamba na juu ya makaburi ya wazee, na Mchaga akilikata akakuletea, amekuja kuomba msamaha ambao hanyimwi. Haliulizwi, halipimwi. Watu wamesameheana damu kwa jani hilo. Ukilipokea, jambo limekwisha na hulifufui tena, si kwa wazee, si barazani, si kwa serikali. Ukilikataa, kijiji kitakuonyesha nyumba za waliowahi kukataa, na kitakuhesabia waliokufa humo.

Shemeji yake Hilda, Valerian, alitoa viti. Majirani walisogea. Primus alipiga goti kwenye majani ya kahawa, na suruali yake ya kanisani.

"Dada Hilda, nimekukosea. Umenilisha nikiwa sina kitu. Nimekuumiza moyo, na tangu uondoke sijalala. Nakuomba kwa isale hili unisamehe." Machozi yalimtoka, tena ya kweli. Wanawake wawili nao wakajifuta macho.

Hilda hakunyoosha mkono bado. "Unaomba msamaha wa nini, ndugu yangu?"

"Wa kukuumiza moyo."

"Na kile kilichouumiza?"

Primus akainua macho, akamtazama baba yake mdogo. Neno moja tu lingetosha, na Hilda alilingoja, akampa muda wa kulitafuta, akamsihi kwa macho alitaje mwenyewe. Mzee Thadeus akakohoa.

"Hilda mwanangu," alisema Margareta taratibu, "isale halina mjadala. Unajua."

Alijua. Alimtazama Valerian, Valerian akatazama chini. Akalipokea.

Vigelegele vikapigwa. Mbege ikazungushwa kwenye kata, Primus akanywa, Hilda akanywa palepale mwenzake alipoweka mdomo. Margareta alimkumbatia, akamlilia begani, akamwita binti yangu, na Hilda akamshika mgongo yule mama mzee kwa sababu alikuwa anampenda tangu utoto. Chuki yote iliyomsimamisha wiki nzima ilikuwa imemtoka. Alijitafuta ndani akaikosa, na mahali ilipokuwa pakabaki wazi, panapita upepo.

Kwenye gari, Primus alishusha kioo. "Kesho kuna kundi la Wakanada wanateremka mlimani. Wanataka ule mtori wako wa ndizi. Daniel akufuate saa kumi na moja?"

"Sirudi kazini, Primus."

"Lakini umepokea isale."

"Nimepokea, na nimekusamehe kabisa. Na kwa kuwa nimekusamehe, siwezi kukudai tena. Nikirudi jikoni nitakuwa napika huku nimekaa kimya mpaka nizeeke. Siwezi."

"Fikiria kwanza, dada," Primus akasema, na akapandisha kioo taratibu, kama mtu anayetoka kumwona mgonjwa.

Jioni, jua halijazama, simu ikaita. Daniel.

"Mama, kesho tukukute wapi? Stendi, au moja kwa moja ofisini?"

"Nimeletewa isale, Daniel."

Nyuma ya Daniel, Winfrida alisikika anauliza, "Anasemaje?"

"Umepokea?" Daniel akauliza.

"Ningefanyaje, baba?"

"Hapana, hukuwa na la kufanya." Akavuta pumzi. "Ndiyo maana bosi amerudi na furaha. Ametuambia mambo ya mama Hilda yamekwisha, kila mtu atulie."

"Mnisamehe."

"Sasa na wewe usituletee isale, mama," alisema Daniel, na wote wawili karibu wacheke. Kisha akasema, "Lakini mimi hakuniletea."

"Nini?"

"Isale. Sijaletewa mimi, wala Winfrida, wala Filemon. Kesho tutakwenda. Ila hatujui kusema kama wewe. Tuambie tu, mama. Tuanze na lipi?"

Maneno yote yalikuwepo. Yalikuwa yamejipanga kama alivyoyapanga kwenye kahawa, la korona mbele, la ndizi nyuma yake, la Winfrida mwisho ili liwakae moyoni. Angeweza kumtamkia moja baada ya jingine, naye Daniel angeyashika. Na kila moja lingekuwa ni kulifufua lililozikwa.

"Mama, uko hapo?"

"Nipo."

"Hata la kwanza tu."

Hilda aliubana mdomo kwa kiganja. Daniel akangoja, na Winfrida akangoja nyuma yake. Aliwasikia wanavyongoja, aliwasikia wanavyopumua, mpaka salio la Daniel likaisha na simu ikakatika, naye akabaki ameishikilia sikioni.